Mapaa Chini ya Theluji: Ushauri kwa Mchoraji wa Rangi za Mafuta

Mchoraji anayekusudia kuchora mapaa ya mji yaliyoangukiwa na theluji hukabiliwa kwanza na kishawishi cha kununua tyubu kubwa ya rangi nyeupe, na picha nyingi za aina hii huharibikia hapo, kabla hata brashi haijagusa turubai. Theluji iliyo juu ya paa huonekana nyeupe kwa sababu ya vitu visivyo vyeupe vinavyoizunguka, yaani dohani, kuta, madirisha ya darini na anga. Yenyewe, ikitazamwa kwa utulivu, ni mkusanyiko wa vijivu vinavyoelekea buluu, zambarau, manjano au waridi kutegemea mwanga unakotoka. Kwa hiyo kazi kubwa ya mchoraji ni kupima uhusiano kati ya vijivu hivyo na vitu vyeusi vilivyo jirani navyo, na nyeupe tupu huja mwishoni, kwa kiasi kidogo, na mara nyingine haihitajiki kabisa.

Mtindo unaofaa zaidi kwa kazi hii ni ule wa Impreshonizimu, uliochipuka Paris na kujitangaza mwaka 1874 pale kundi la wachoraji, miongoni mwao Claude Monet, Camille Pissarro, Berthe Morisot na Alfred Sisley, lilipofanya maonyesho yake lenyewe nje ya Salon, yaani yale maonyesho makuu ya Ufaransa ambayo majaji wake walizoea kuzikataa kazi za vijana hao. Msingi wa mtindo huo ni kuchora mwanga jinsi unavyoonekana kwa muda fulani mfupi, kwa mipigo ya brashi inayoachwa wazi bila kulainishwa, na kwa rangi zinazowekwa kandokando ili jicho la mtazamaji lizikutanishe lenyewe kutoka mbali. Theluji iliwavutia wachoraji hao kwa kuwa ni uso unaopokea rangi ya kila mwanga unaouangukia, na Monet, Sisley na Pissarro waliichora mara nyingi mashambani na katika vijiji vya kandokando ya mto Seine.

Kwa somo la mapaa, hata hivyo, mwalimu bora ni Gustave Caillebotte (1848–1894), tajiri aliyewasaidia wenzake kwa kununua picha zao huku naye akichora zake. Mwaka 1878 alichora mapaa ya Paris chini ya theluji, na mwaka uliofuata picha hiyo ikatundikwa katika maonyesho ya nne ya kundi hilo. Leo imo katika jumba la makumbusho la Orsay mjini humo. Yaliyomo ni machache mno: anga la kijivu, mapaa yaliyopangana moja nyuma ya jingine, dohani nyingi, na theluji iliyoshika hapa ikakosa pale. Hakuna jua, hakuna barabara wala umati wa watu. Haipendezi papo hapo kama picha za theluji yenye jua, na pengine ndiyo sababu hunakiliwa mara chache na wanaojifunza, ilhali takribani kila kanuni ya somo hili imo ndani yake.

Umbo la mapaa yenyewe linastahili kufahamika kabla ya kuchorwa, kwa sababu theluji hutii umbo hilo. Majengo mengi ya katikati ya Paris ni ya enzi za Haussmann, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Seine kuanzia 1853 hadi 1870 na aliyesimamia ujenzi mpya wa mji huo, nayo yana paa lenye miinamo miwili: sehemu ya chini iliyosimama karibu wima, ambamo hutokeza madirisha ya darini, na sehemu ya juu iliyolala karibu sawasawa. Sehemu ya juu huezekwa kwa bati la zinki, na ufundi wa waezekaji wa zinki wa Paris uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwezi Desemba 2024. Mabati hayo huungana juu ya vipande vya mbao vinavyotengeneza migongo iliyoinuka, ikiteremka sambamba kutoka juu ya paa hadi ukingoni. Theluji hutulia kwenye sehemu iliyolala na kuteleza kwenye sehemu iliyosimama. Ikiwa nyembamba, migongo ya bati huonekana ndani yake kama mistari hafifu, na ikiwa nzito, mistari hiyo hupotea yote isipokuwa karibu na ukingo. Mchoraji anayeijua sababu hii hatapaka nyeupe kila mahali kwa usawa, kwa kuwa ataelewa kwamba paa la mjini hubaki na theluji kwa viraka.

Aina ya siku ya kuchora si jambo dogo. Siku ya jua huwavutia wanaoanza kwa sababu ya vivuli vyake vya buluu, ambavyo maelezo yake ni mepesi: sehemu isiyofikiwa na jua moja kwa moja humulikwa na anga peke yake, na kwa kuwa anga safi ni la buluu, theluji iliyo kivulini hurudisha buluu hiyohiyo. Monet alionyesha jambo hilo katika picha yake ya kunguru mwenye mabaka meupe aliyetua juu ya lango la uzio, aliyoichora karibu na Étretat katika majira ya baridi ya 1868 na 1869, ambayo Salon iliikataa na ambayo sasa nayo imo Orsay. Tatizo ni kwamba ujuzi huu umegeuka mazoea, na wapo wanaopaka vivuli vya buluu hata siku ya mawingu, wakati ambapo mwanga hutoka angani kote na vivuli vyenye kingo havipo. Siku ya mawingu ndiyo inayopendekezwa hapa kwa picha chache za kwanza. Mwanga wake hubadilika polepole na kumwachia mchoraji saa kadhaa za kazi. Tena humnyima mchoraji visaidizi rahisi, hivyo humlazimu ajifunze kupima.

Kupima huko huanza na kitu kinachoweza kuitwa kiwango cha mwanga, yaani jinsi kitu kilivyo cheupe au cheusi bila kujali rangi yake. Njia ya kukiona ni kufinya macho mpaka mambo madogomadogo yatoweke na kubaki mabaka makubwa matatu au manne. John F. Carlson, mchoraji wa Marekani mzaliwa wa Sweden aliyesifika kwa misitu yake ya theluji, aliwafundisha wanafunzi kwamba mwanga wa mahali hugawanywa kwa kufuata mwelekeo wa nyuso: anga, ambalo ndilo chanzo cha mwanga, huwa jeupe kuliko vyote, ardhi iliyolala hufuata kwa kuwa inalitazama anga, miinamo hupata mwanga mdogo zaidi, na vilivyosimama wima, kama miti, huwa vyeusi kuliko vingine. Theluji huvuruga mpangilio huo kidogo kwa kuwa ikiwa mpya hurudisha sehemu kubwa mno ya mwanga unaoiangukia, hata paa lililolala likakaribiana na anga. Lakini ule mpangilio wa nyuso kwa nyuso haufutiki. Theluji ya juu ya paa lililolala huzidi kwa weupe theluji iliyoganda kwenye mwinamo, na ukuta mweupe uliosimama wima chini yake huonekana kijivu kabisa, kiasi kwamba anayeuchora mara ya kwanza huona shaka kuupaka ulivyo.

Ikiwa viwango hivyo vitapewa namba kutoka 1, ambayo ni nyeusi tupu, hadi 10, ambayo ni nyeupe tupu ya kwenye tyubu, basi katika siku ya mawingu anga linaweza kuwekwa kwenye 8, theluji iliyolala kwenye 8 pia au chini yake kidogo, theluji ya kwenye mwinamo kwenye 6 au 7, kuta kwenye 4 au 5, na dohani na madirisha kwenye 2 au 3. Namba hizi ni za kuanzia tu, na kila asubuhi itazirekebisha kwa namna yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba 9 na 10 zimeachwa akiba. Mchoraji aliyeanza na 10 hana pa kupandia anapotaka kuonyesha ule ukingo mmoja wa theluji unaong'aa kuliko nyingine zote, na kwa hiyo picha yake hubaki kama ukuta uliopakwa chokaa.

Mahali pa kuchorea ni dirishani, na hilo si jambo la kuonea haya. Pissarro, aliyesumbuliwa na maradhi ya jicho katika miaka ya mwisho ya maisha yake na kulazimika kujikinga na upepo, alichora misururu ya picha za miji akiwa nyuma ya vioo vya madirisha, na zile za Boulevard Montmartre za mwaka 1897 alizichora kutoka chumba cha hoteli. Msomaji wa Kiswahili anayeishi ghorofani Toronto, Oslo au Minneapolis ana somo hili mbele ya macho yake kila mwaka bila kulipa nauli. Turubai liwekwe pembeni mwa dirisha ili lipate mwanga wa anga lakini lisipigwe na jua, na taa za chumbani zenye mwanga wa manjano zizimwe: chini ya taa hizo rangi ya buluu hufifia, mchoraji huiongeza bila kujua, na asubuhi yake huikuta picha imekuwa buluu kupita kiasi. Anayelazimika kutumia taa achague yenye mwanga mweupe wa kelvini 5,000 hivi. Kelvini ni kipimo kinachoonyesha, miongoni mwa mambo mengine, kama mwanga wa taa unaelekea manjano au buluu, na kwa kawaida huandikwa kwenye boksi la taa. Muda nao ni mfupi, kwani mwishoni mwa Desemba mchana wa Paris hauzidi sana saa nane na ule wa Oslo ni saa sita hivi, kwa hiyo ni heri kuwa na maturubai mawili madogo, moja la asubuhi na jingine la alasiri, kuliko kulilazimisha moja lifuate mwanga uliokwisha kuondoka.

Aliye Mombasa, Kigoma au Bujumbura, ambako theluji haijulikani ila kwa picha, hazuiliwi na chochote kujifunza sehemu ngumu zaidi ya kazi hii. Maboksi machache ya karatasi ngumu, yakikatwa kwa mfano wa nyumba na kupakwa rangi ya kijivu na ya matofali, kisha yakafunikwa juu kwa vipande vya shuka jeupe au kunyunyiziwa unga wa ngano, na kupangwa mezani karibu na dirisha lisilopitisha jua, hutoa uhusiano uleule wa nyuso zilizolala, zilizoinama na zilizosimama. Thomas Gainsborough, mchoraji Mwingereza wa karne ya 18, alijijengea mandhari mezani kwa mawe na mboga, na hakuna aliyemdharau kwa hilo. Picha ya kamera, kwa upande mwingine, itumike kwa hadhari: kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kila mandhari ni ya kijivu cha kati, kwa hiyo mara nyingi theluji hutoka ikiwa imefifia, na vivuli hutoka vya buluu kuliko jicho lilivyoviona. Picha ya simu inafaa kwa kukumbuka umbo la dohani, lakini rangi zake hazifai kuaminiwa.

Vifaa vinahitaji maelezo kwa sababu lugha ya madukani inaweza kumchanganya anayeanza. Ile inayoitwa rangi ya mafuta katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni rangi ya milango na madirisha, ambayo imewafaa sana wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam kwa mng'ao wake na kwa kukauka haraka; rangi ya mafuta ya wachoraji inayozungumzwa hapa ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta ya mbegu za kitani au mengineyo yanayokauka, ambayo huuzwa katika tyubu na hubaki mbichi kwa siku kadhaa. Ubichi huo ndio unaowezesha mtindo huu, kwani rangi moja huweza kuwekwa juu ya nyingine na kuchanganyika nayo kidogo palepale. Tyubu ya bati laini iliyobuniwa na John Goffe Rand, mchoraji Mmarekani aliyekuwa London, mwaka 1841, ndiyo iliyowarahisishia Waimpreshonisti kubeba rangi hadi nje.

Uchaguzi wa nyeupe ndio wenye athari kubwa. Nyeupe ya risasi, iliyotumiwa na wachoraji wa karne ya 19, ina ushikamano mzuri na haififishi mno rangi nyingine, lakini ni sumu na haifai kuwekwa nyumbani penye watoto. Nyeupe ya zinki ni baridi na laini, ila hukakamaa na kupasuka ikipakwa nene, nayo theluji hupakwa nene. Kwa hiyo isitumike peke yake. Nyeupe ya titaniamu, iliyoingia sokoni katika karne ya 20, ndiyo chaguo la kawaida leo, kwa sharti la kukumbuka kwamba ina nguvu kubwa ya kufunika na tone dogo tu huweza kuipausha rangi nyingine yote. Rangi nyingine zisizidi sita. Monet mwenyewe, katika barua ya mwaka 1905, alitaja nyeupe ya risasi, manjano ya kadimiamu, nyekundu ya vemilioni, nyekundu nzito ya mmea wa madda, buluu ya kobalti na kijani cha zumaridi, akaishia hapo. Kwa mapaa ya siku ya mawingu inatosha kuwa na buluu ya ultramarini, buluu ya kobalti, sienna iliyochomwa, ambayo ni udongo wenye rangi ya kahawia nyekundu, oka ya manjano, ambayo nayo ni udongo, nyekundu ya alizarini na nyeupe. Rangi nyeusi ya tyubu haimo katika orodha hii kwa kusudi.

Kijivu chote cha picha hutokana na rangi zinazokabiliana, yaani zile ambazo zikichanganywa huuana na kuzaa kijivu, kama buluu na rangi ya chungwa, au zambarau na manjano. Ultramarini na sienna iliyochomwa, zikiwa sawa, hutoa weusi wa kutosha dohani yoyote. Ikiongezwa nyeupe, weusi huo hushuka kuwa kijivu, na kwa kuzidisha buluu au sienna kijivu hicho huwa baridi au joto, maana wachoraji huziita rangi zinazoelekea buluu baridi na zinazoelekea nyekundu na manjano joto. Ni vyema mchoraji aandae mafungu matano ya vijivu kwenye kibao cha rangi kabla ya kuanza, kuanzia cheusi hadi kinachokaribia nyeupe, na kila fungu aligawe mara mbili, upande wa baridi na upande wa joto. Saa moja ya maandalizi haya huokoa saa tatu za kuhangaika.

Hapa lazima itajwe kazi ya Michel-Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia idara ya rangi katika viwanda vya mazulia vya Gobelins mjini Paris na ambaye mwaka 1839 alichapisha kitabu kuhusu jinsi rangi zilizo jirani zinavyobadilishana. Mafundi walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa zimefifia, naye akagundua kwamba nyuzi hazikuwa na kasoro. Zilizozifanya zionekane hivyo ni rangi zilizofumwa kando yake. Kwa mchoraji wa theluji maana yake ni kwamba kijivu kisicho na buluu hata chembe kitaonekana buluu kikiwekwa kando ya vyungu vya udongo mwekundu vinavyokaa juu ya dohani za Paris. Anayeijua kanuni hii hutumia buluu kwa uchache na kuiacha dohani ifanye kazi yake.

Turubai lisiachwe jeupe. Baada ya kupakwa jeso, ambayo ni rangi ya msingi ya chokaa inayozuia mafuta kuingia kwenye kitambaa, lipakwe tabaka jembamba la oka na sienna lililoyeyushwa kwa tapentaini, kisha lifutwe kwa kitambaa mpaka libaki na rangi ya karatasi kuukuu. Juu ya msingi huo kila kijivu baridi huonekana dhahiri kilivyo, na pale mipigo ya brashi inapoacha mapengo, joto la msingi huchungulia na kuipa theluji uhai. Kuhusu mpangilio, mstari wa macho, yaani kimo cha jicho la anayetazama, uwekwe juu, karibu na theluthi ya juu ya turubai, kwa kuwa kutoka dirisha la juu mapaa hutazamwa kwa kuinamiwa. Paa moja la karibu likatwe na ukingo wa picha bila kuogopa, kama walivyofanya wachapaji wa Japani ambao kazi zao zilikusanywa kwa hamu na Waimpreshonisti.

Upakaji huanza na vilivyo vyeusi. Kwa brashi bapa ya manyoya magumu na rangi nyepesi iliyoongezwa tapentaini kidogo, huwekwa dohani, madirisha, kuta na zile sehemu za bati zisizo na theluji, zote kwa mabaka mapana, bila kuchora dirisha hata moja kwa undani. Kisha huja anga, si kwa rangi moja bali kwa vijivu viwili vilivyo sawa kwa mwanga na tofauti kwa joto, kimoja kikielekea waridi karibu na upeo. Theluji hufuata mwishoni, kwa rangi nene isiyoongezwa kitu, kuanzia kijivu chake cha mwinamo na kupanda hadi cha sehemu iliyolala. Mpigo mmoja hupigwa mara moja na kuachwa. Brashi hufutwa, hujazwa tena, ndipo hupigwa mwingine. Kurudia mpigo uliokwisha kuwekwa huchota rangi nyeusi ya chini na kuifanya theluji kuwa tope, na hili ndilo kosa linaloharibu picha nyingi zilizoanzwa vizuri. Mpigo ufuate mwelekeo wa uso wenyewe: wa mlalo kwenye paa lililolala, na wa kuteremka kwenye mwinamo.

Dohani moja, ikitazamwa kwa karibu, huonyesha jinsi somo hili lilivyo pana. Ukuta wake mpana, ambao juu yake husimama safu ya vyungu vyekundu, una theluji nyembamba kwenye kingo za juu tu, na upande wake uliosimama ni wa kahawia iliyofifia kwa masizi. Mahali unapokutana na paa, theluji haifiki: joto linalopita ndani ya dohani inayotumika huiyeyusha, na hubaki ukanda wa bati lililolowa, mweusi kuliko bati kavu, wenye kuakisi anga mahali pamoja au pawili. Nje ya ukanda huo theluji huanza kwa ukingo uliolegea, nusu maji, usio na mstari, na hatua chache mbele huwa kamili. Kwa mipigo minne au mitano, yaani ule wa kahawia, ule mweusi wa bati bichi, mmoja wa kijivu cha anga ndani yake, mmoja wa kijivu cha theluji iliyolegea na mmoja mnene wa theluji kamili, jambo hilo lote huweza kusemwa, na mtazamaji atajua bila kuambiwa kwamba chini ya paa lile kuna moto unaowaka. Moshi, ukiwepo, ni mweusi mbele ya anga jeupe na ni mweupe mbele ya ukuta mweusi. Uguswe kwa brashi karibu kavu kabla anga halijakauka.

Kanuni hiyohiyo huitawala theluji inayoendelea kuanguka. Chembe zake zikiwa mbele ya anga la mawingu huonekana nyeusi kuliko anga, na zikishuka mbele ya kuta ndipo hugeuka nyeupe, kwa hiyo kurusha vitone vyeupe picha nzima kwa brashi ya meno, kama wanavyofanya wengi, ni kwenda kinyume na yanayoonekana dirishani. Mara nyingi inatosha kupunguza tofauti kati ya mapaa ya mbali na anga mpaka yakaribie kupotea.

Kuhusu kingo, ule unaokutanisha theluji na anga uwe laini, hata pengine upotee kabisa kwa urefu wa kidole, na ule unaokutanisha theluji na dohani ya karibu uwe mkali. Ndipo, baada ya kurudi nyuma hatua tatu na kufinya macho tena, mchoraji huamua kama ile akiba ya 9 na 10 inahitajika. Iwekwe mahali pamoja au pawili, si zaidi, ikiwa imetiwa oka kidogo sana ili isiwe baridi kuliko kila kitu. Picha ikionekana bado nyeusi mno, dawa yake mara nyingi ni kuongeza weusi wa dirisha moja au mawili ya mbele, kwani hilo huinua theluji kuliko nyeupe yoyote.

Kazi ikiisha, vitambaa vilivyofutiwa mafuta ya kitani visirundikwe pembeni, kwa sababu mafuta hayo yanapokauka hushika oksijeni na kutoa joto, na rundo la vitambaa laweza kuwaka lenyewe. Vitandazwe kimoja kimoja nje, au vilowekwe katika kopo la maji lenye kifuniko cha chuma. Picha yenyewe huguswa bila kuchafua kidole baada ya siku chache hadi wiki mbili pale palipo pembamba, lakini theluji nene huhitaji miezi, na vanishi isipakwe kabla ya miezi sita hadi kumi na miwili kupita. Isihifadhiwe uvunguni wala ikiwa imeegemezwa ukutani kifudifudi katika kipindi hicho, kwa kuwa mafuta ya kitani yakikauka gizani huwa ya manjano, na rangi zinazoonyesha manjano hayo mapema kuliko nyingine ni zile nyepesi za theluji. Itundikwe chumbani penye mwanga wa kawaida wa mchana usio wa jua kali.